Blenda au mashine ya kukatakata: jibu kwa mama wa Katonga

Mama mmoja wa Katonga ametuletea swali, nasi twaona kwamba si lake peke yake. Zamu yake ya upatu imefika. Nyumbani ana mjukuu wa miezi saba aliyeanza kula, ana mume aliyepatwa na kiharusi mwaka jana ambaye hutafuna kwa shida, na yeye mwenyewe mkono wa kuume humuuma kiasi kwamba kutwanga sombe kumekuwa adhabu. Binti yake aishiye Dar es Salaam amemwambia anunue blenda. Jirani amesema blenda ni ya wauza juisi, afadhali ile mashine yenye bakuli pana ambayo madukani huitwa fudi prosesa. Wifi yake mkubwa naye amekataa zote mbili, kwa kuwa, asema, sombe ya mashine huumiza tumbo na kuleta kizunguzungu. Mama anauliza amsikilize nani.

Tumelizungumza swali hili kwa muda, na tumeona kwamba kila mmoja wa hao watatu ana ukweli wake, hata wifi. Pengine wifi kuliko wote.

Tuanze na tofauti ya mashine zenyewe. Zote mbili zina mota na kisu kinachozunguka, hivyo mtu aweza kudhani ni kitu kimoja chenye maumbo mawili. Lakini hazikutengenezwa kwa kazi moja. Blenda ilibuniwa Marekani mwaka 1922 na Stephen Poplawski kwa ajili ya kuchanganya vinywaji vya maziwa. Mashine ya kukatakata ilianzia Ufaransa katika jikoni za mahoteli, ikaingia majumbani katika miaka ya 1970. Asili hiyo bado inaonekana katika maumbo yake. Jagi la blenda ni refu na huwa jembamba chini, mahali kilipo kisu. Kinacholeta chakula kwenye kisu ni maji: yakizungushwa hufanya shimo katikati, na chakula hutumbukia humo. Pasipo maji, kisu hukata kile tu kilichokigusa, kisha huzunguka katika nafasi tupu huku mota ikipata moto. Wengi walioungua mota waliiunguza namna hiyo, nasi tumo miongoni mwao.

Mashine ya kukatakata ina bakuli pana lenye kitako bapa, na kisu chake kirefu hufagia karibu bakuli zima. Haihitaji maji. Vitunguu, karoti, kabichi, nyama isiyo na mfupa na majani hukatika humo vikiwa vikavu, na baadhi ya mashine hizo hukanda hata unga wa chapati. Lakini ukitia supu hadi juu itavuja, na ukitaka ulaini wa uji wa mgonjwa hutaupata; vipande vidogo vitabaki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, mama atazame sufuria zake za wiki nzima. Nyumba ya Katonga hupika nini? Sombe, ugali wa muhogo, dagaa, migebuka, maharage, mawese, na uji wa mtoto asubuhi. Tutazame vile vinavyohitaji kusagwa.

Sombe ya mashine

Majani ya muhogo ni chakula chema. Yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, na yakipikwa kwa mawese mekundu humpatia mlaji vitamini A. Lakini jani la muhogo lina sumu, nayo imewekwa humo kwa namna ya ajabu. Sumu hiyo, yaani sianidi, imefungwa ndani ya kitu kingine kisichodhuru mara moja. Na mahali pengine katika jani hilo hilo kipo kimeng'enya chenye kazi ya kuifungua. Jani likiwa zima, vitu hivyo viwili havikutani. Jani likipondwa hukutana, sumu hufunguka, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, huruka kama hewa hata kabla maji hayajachemka. Hii ndiyo kazi halisi ya kinu. Bibi zetu walipotwanga sombe mpaka ikawa kama tope hawakuwa wanatafuta ulaini tu. Walikuwa wanaitoa sumu, ingawa hawakuiita kwa jina.

Sasa tazama kinachotokea kwa mashine ya kukatakata. Mama ana haraka. Anazungusha majani kwa sekunde chache, yanakuwa vipande vidogo vizuri kama mchicha uliokatwa, anavimimina katika maji yanayotokota. Joto lile hukiua kimeng'enya papo hapo, kabla hakijamaliza kazi yake, na sehemu ya sumu hubaki imefungwa ndani ya vipande. Mlaji akiila kwa wingi aweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, kizunguzungu au kuumwa tumbo. Ndiyo maana tulisema wifi ana ukweli. Wifi aliilaumu mashine, lakini kosa liko katika haraka ya mpishi.

Anayetumia mashine yoyote kwa sombe na afanye hivi. Achague majani machanga, ayaoshe, ayasage mpaka yawe laini kabisa kama ya kinu na si kama kachumbari. Kwa blenda itambidi atie maji kidogo na kusaga mafungu madogo madogo. Kwa mashine ya kukatakata itambidi asimame mara kadhaa na kukwangua pembeni. Kisha aiache sombe ikae, nusu saa au zaidi, kabla ya kuiona moto. Kama ni ya muhogo mchungu, aisuuze kwa maji safi na kuikamua. Halafu aibandike katika maji ya baridi yapate moto polepole, ichemke bila mfuniko mahali penye hewa, walau nusu saa baada ya kuanza kutokota, mpaka harufu ya jani bichi iishe. Mawese, karanga na kitunguu vije baadaye. Na chumvi iwe yenye madini joto, kwa kuwa mabaki ya sumu ya muhogo mwilini huzuia madini hayo kufanya kazi yake, ndipo rovu hutokea.

Wapo pia waliowahi kutuuliza kama muhogo mchungu waweza kumenywa, ukasagwa kwa blenda na kupikwa uji siku hiyo hiyo. Hapana. Muhogo mchungu huvundikwa, hukaushwa, ndipo husagwa. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu waliruka hatua hizo kwa sababu ya njaa, na baadhi yao, wengi wakiwa watoto na akina mama, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Ugonjwa huo hauponi.

Hata hivyo kwa sombe ipo njia ya tatu ambayo binti wala jirani hawakuitaja, nayo haitumii umeme: mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile inayofungwa ukingoni mwa meza na kuzungushwa kwa mpini. Husaga majani kwa kuyaponda na kuyakamua, karibu kama kinu, na mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuizungusha akiwa anazungumza. Dar es Salaam familia nyingi hukisaga kisamvu chao hivyo. Ndugu zetu Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, kisha wakahamishiwa Marekani, huko huikuta sombe katika maduka ya Kiafrika ikiwa imekwisha kusagwa na kugandishwa. Lakini nao hawasamehewi kuichemsha.

Dagaa

Hapa watu wa Katonga watufundishe wao, maana wanawake wa mwalo huo wanawajua dagaa kuliko sisi. Tutasema machache tu yanayohusu mashine.

Dagaa aliyesagwa mzima, pamoja na mifupa yake, humpa mtoto protini na madini ya mifupa kwa bei ndogo kuliko nyama. Ili asagike lazima awe mkavu wa kuvunjika. Akaangwe kidogo bila mafuta, apoe, ndipo asagwe katika kile kikombe kidogo cha kusagia vikavu ambacho huuzwa pamoja na blenda fulani. Jagi kubwa halifai, tumekwisha kueleza sababu. Mashine ya kukatakata nayo humvunjavunja tu, na mifupa midogo hubaki ikimchoma mtoto kooni. Kinu kidogo na chekeche hufanya kazi hii vizuri pia, kwa jasho zaidi.

Dagaa awe wa kwenye kichanja. Dagaa aliyeanikwa mchangani huja na mchanga, na mchanga haupotei kwa kusagwa. Huwa mchanga laini, kisha huondoa makali ya kisu.

Jambo la pili ni akiba. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, familia zilizokuwa na dagaa ndani zilipumua kidogo. Baadhi ya akina mama, kwa nia njema, husaga akiba yote mara moja. Wasifanye hivyo. Dagaa ana mafuta, na akishakuwa unga hewa humwingia kila upande, huchacha upesi. Mweke mzima katika chombo kikavu kilichofungwa. Saga wa wiki moja. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye unga wa dagaa na karanga katika debe la unga wa uji. Tia kijiko kwenye sufuria siku ya kupika. Na karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu, zitupwe kabla ya kufika kwenye mashine. Sumukuvu haiondolewi kwa kusaga wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Mjukuu na mgonjwa

Mjukuu wa miezi saba ahitaji chakula laini na kizito. Kizito, twasisitiza. Blenda ina kishawishi kimoja: kwa kuwa haizunguki bila maji, mama huongeza maji, halafu huongeza tena, na mwisho mtoto hupewa kitu cha kunywa. Tumbo lake dogo hujaa maji, mwili haupati kitu. Uji au mchanganyiko wa mtoto ukae juu ya kijiko, usitiririke. Usitiwe katika chupa. Chupa na nyonyo ni vigumu kuvisafisha. Viazi vitamu, ndizi, parachichi na maharage yaliyoiva havihitaji mashine yoyote, uma na sahani vyatosha.

Tena blenda isimzoeshe vibaya. Afikapo miezi minane au tisa aanze kupewa chakula kilichopondwa kwa uma, chenye vipande laini vya kutafuna, na vitu vya kushika kwa mkono wake. Akitimiza mwaka ale cha nyumbani kilichokatwa kidogo. Mtoto aliyelishwa vilivyosagwa mno mpaka mwaka mmoja na nusu hukataa vipande na kuvitema, na wazazi hudhani ana ugonjwa wa koo.

Babu ni habari nyingine, na hapa ndipo blenda inapostahili bei yake. Mtu aliyepatwa na kiharusi huweza kushindwa kumeza sawasawa. Kinachomdhuru upesi mara nyingi ni maji, chai na supu nyepesi kuliko chakula kizito, kwa kuwa vyepesi hukimbia na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Chakula kikishuka mapafuni huleta nimonia. Basi asipewe supu ya kunywa kwa kuwa tu ni mgonjwa. Apewe chakula kile kile cha familia, samaki asiye na mwiba, viazi, mboga, kijiko cha mawese, kilichosagwa kikawa laini bila chembe na kizito kama mtindi mzito. Aketi wima, apewe kijiko kidogo kidogo, amalize kumeza ndipo aongezwe, na asilazwe mara baada ya kula. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, mama asijaribu dawa za nyumbani. Ampeleke hospitali, Maweni au iliyo karibu naye, aeleze hivyo hivyo. Kazi hii ya ulaini mashine ya kukatakata haiwezi. Punje moja ya harage iliyobaki yatosha kumpalia.

Juisi tutaipita haraka. Tunda zima ni bora. Ukisaga usichuje, maana kinachobaki kwenye chujio ndicho chenye faida kubwa kwa mwenye kisukari na kwa mwenye choo kigumu. Sukari usitie. Maji yawe yamechemshwa, na barafu pia iwe ya maji yaliyochemshwa. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, upande wa kaskazini, kando ya ziwa letu hili, wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika pale kwa maelfu wakitumia maji ya ziwa. Blenda husaga embe, haiui vijidudu.

Usafi na hatari za mashine

Mashine iliyosagiwa samaki au maziwa na kuachwa mpaka jioni ni chungu cha vijidudu. Chini ya kisu cha blenda pana mpira mweusi, na chini ya mpira ule ndipo mabaki hukaa yakioza bila kuonekana. Kila baada ya kazi fungua kitako, toa mpira, osha kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, anika pakauke. Blenda ambayo kitako chake hakifunguki usiinunue kwa ajili ya chakula cha mtoto au mgonjwa. Mashine ya kukatakata ina vipande vingi zaidi vya kuosha, na twakiri kwamba wengi walionazo huziacha kabatini kwa uvivu wa kuosha. Kinu nacho kisisahauliwe: kikipasuka, nyufa zake huhifadhi uchafu vile vile.

Kisu kisiachwe ndani ya beseni la povu. Anayekuja kuosha haoni, naye mara nyingi ni mtoto. Chomoa waya ukutani kabla ya kutia mkono. Na usisage kitu kinachotokota katika jagi lililofungwa: mvuke huruka ghafla, mfuniko huondoka, na uji wa moto humpata usoni mwenye kusaga na mtoto aliye karibu. Poza kwanza, jaza nusu jagi, shika mfuniko kwa kitambaa.

Juu ya umeme, wengi huogopa bila sababu. Blenda ya wati 400 ikitumika dakika tano kila siku humaliza uniti moja tu ya LUKU kwa mwezi mzima. Mashine ya kukatakata ya wati 800 itamaliza mbili. Gharama ya kweli ni umeme kushuka na kupanda nguvu. Taa zikiwa hafifu na mota ikinguruma bila kuzunguka sawasawa, zima upesi. Isaga sekunde 30, ipumzishe, saga tena.

Basi jibu letu kwa mama. Mashine ya kukatakata aiache. Ingemfaa mwenye kupikia watu wengi, mwenye kukata vitunguu na kabichi za harusi, au asiye na mtoto wala mgonjwa ndani. Yeye anunue blenda yenye kikombe cha vikavu na kitako kinachofunguka, kwa ajili ya babu na kwa dagaa za mjukuu. Fedha ikibaki, aongeze mashine ya mkono ya kusagia nyama kwa ajili ya sombe. Isipobaki, asage sombe kwa blenda mafungu madogo, au kijana wa nyumbani atwange, maana hatujaona mahali palipoandikwa kwamba mchi ni wa wanawake peke yao.

Akiwa dukani aiwashe kabla ya kulipa, aifungue kitako kwa mkono wake unaouma aone kama ataweza, na aulize kama mpira na jagi hupatikana hapa hapa Kigoma vikiharibika. Sombe ya kwanza aipike siku wifi amekuja, ichemke bila mfuniko, wote wawili wakiwa wamekaa hapo jikoni.